Mstari wa Majivu

Saa moja asubuhi nimekwisha fika na debe.
Majivu ni ya bani la kina Mihayo,
bado yananuka tumbaku.
Nayamwaga kinyumenyume, nimeinama,
na mstari unapinda pale penye kichuguu
kwa sababu kichuguu kilitangulia.
Ndicho kiwanja chetu hapa Urambo:
hatua hamsini kwa thelathini, hatua zangu,
si za Mwalimu Katabanya mwenye miguu ya korongo.

Kanuni niliziandika nyuma ya kalenda ya chama cha msingi.
Saba kwa saba. Dakika kumi na tano, maji, kumi na tano tena.
Umri hatudai cheti:
pitisha mkono juu ya kichwa,
ukilishika sikio la pili ukalikunja lote,
wewe mkubwa, nenda kundi la Katabanya.
Kulwa alilikunja. Doto hakulifikia.
Tumbo moja, siku moja, wakalia wote wawili,
nikasema basi, sikio la Kulwa leo sikuliona.

Kuotea hakuna.
Mtoto wa miaka minane akisimama peke yake golini kwa watu,
anausubiri mpira kama anayesubiri uji,
mwacheni. Iko siku utamfikia.
Kupiga kichwa hakuna;
vichwa hivyo navihitaji Jumatatu kwa tebo ya saba.
Anayerusha akikosea, arudie.
Nyanzala amewahi kurudia mara tano
huku kuku wa mlinzi wakikatiza katikati
na hakuna aliyewapulizia filimbi.

Hakuna wa kukaa nje mechi nzima.
Hii ndiyo iliyoleta maneno.
Baba Mihayo alishuka kwenye baiskeli hata haijasimama:
"Mwalimu, unamtoa mwanangu anayefunga,
unamwingiza huyu anayechuma maua?"
Nikamwambia, majivu haya ni yako, baba,
simama nyuma yake.
Na mzazi anayefoka, adhabu yake kushika kibendera.
Akakishika wiki tatu, uso kama limao.
Wiki ya nne hakufoka,
akaja akauliza kibendera kiko wapi.

Mabao siyaandiki.
Wanayaandika wao, kwa kijiti, mapajani,
vumbi likiwa karatasi,
na jioni mama zao wanayafuta kwa sabuni.

Sasa Jumamosi iliyopita Reli walikuja sita.
Kanuni inasema pungufu huazimwa,
Asali wakamtoa Shija
kwa moyo mweupe wa mtu anayetoa kisicho na hasara.
Shija hajapata kufunga, hata chandimu, hata uani kwao.
Mpira ukamgonga ugokoni, ukapita katikati ya miguu ya Doto,
ukaingia.

Alikimbia hatua nne, mikono juu.
Akasimama.
Kule Reli, hawajui hata jina lake.
Huku Asali, kila mmoja anatazama viatu vyake,
na wengi hawana viatu.
Akanigeukia mimi.
"Mwalimu, hili goli ni la nani?"

Nilipuliza filimbi
kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa mdomoni.
Usiku nikaisoma kalenda, mbele na nyuma,
Januari hadi Desemba.
Nilikuwa nimepanga upana wa goli, urefu wa kibendera,
nani alete maji, nani arudishe ndoo.
Shija sikuwa nimempanga.

Leo nimekuta wamenitangulia.
Kwenye mlango wa stoo, kwa mkaa,
herufi zimepanda kilima na kushuka:
WAKUAZIMWA AKIFUNGA GOLI NILAKE
WOTE TUNAMPA MKONO

Nilitoa chaki niyatenganishe maneno yaliyobanana.
Nikairudisha mfukoni.
Upepo wa Juni umeshakula kona ya upande wa reli,
na debe limebaki nusu.
Nainama tena.
Nyuma yangu kuna mtu anafanya mazoezi ya kushangilia,
peke yake,
anakimbia mpaka kwenye kichuguu, anarudi,
anakimbia tena.