Kipande cha 2117

Naliendele, saa tano usiku. Feni inazungusha joto lile lile.
Nina picha elfu arobaini za maua ya mikorosho,
zimepigwa kwa simu, Tandahimba hadi Nachingwea,
na swali moja: mwaka huu ubwiriunga umeanzia wapi?

Kompyuta yangu, nilipiga hesabu, ingezitafuna kwa siku sitini na tatu.
Maua hayangoji siku sitini na tatu.

Basi nimeazima usiku wa watu.
Kompyuta sita za shule, Ndanda, wanafunzi wakishalala.
Mbili za ofisi ya ardhi, Ruangwa.
Nne za chuo, Mtwara mjini.
Moja ya sekondari, Liwale, kongwe,
inayokohoa kwanza ndipo iwake.

Gunia la korosho mama hakulimaliza peke yake.
Waligawana, kila mmoja fungu lake, jiwe lake, kirungu chake,
na korosho haibanguliwi kabla haijakaangwa,
haimenywi kabla haijabanguliwa.
Nami nimeandika hivyo hivyo, kwa alama na mabano:
safisha, kata, pima, hesabu, unganisha.
Hatua isiruke hatua.
Atakayeanguka, fungu lake liokotwe.

Usiku wa kwanza Liwale ikanyamaza.
Mpango ukaingoja dakika kumi, ukaikatia tamaa,
ukavichukua vipande vyake mia na sita ukavipeleka Ndanda,
bila kinyongo, bila kikao.
Asubuhi, ujumbe wa Fadhina Nampoto, kidato cha tatu:
"Dada, nilitoka prepo nikaikuta inawaka, hakuna mtu.
Nikaizima. Umeme wa shule ni wa kununua."
Nilicheka peke yangu. Nikatuma hela ya umeme
na maneno ya kubandika ukutani: INAFANYA KAZI, USIZIME.
Akabandika. Chini yake akaongeza kwa kalamu:
hata kama huioni.

Usiku wa tatu, vipande elfu mbili na mia tano
vyote vimerudi, kasoro kimoja.
2117. Ndanda ilikijaribu, ikaanguka.
Ruangwa, ikaanguka.
Chuo, ikaanguka.
Liwale ilikohoa nacho mpaka saa nane, ikaanguka.
Na hatua ya kuunganisha imesimama mlangoni,
haiingii mpaka wote watimie.

"Kifute," akasema Ngoda, viatu ameshavaa.
"Kimoja katika elfu mbili, nani atajua?
Nazi mbovu harabu ya nzima."

Nikakifungua.
Picha kumi na tano za maua. Ya kumi na sita
haina ua. Ni kidole gumba,
kimeziba kioo cha simu chote,
na mistari yake imejaa weusi usiotoka kwa sabuni:
mafuta ya ganda.
Nayajua. Vidole vyenye weusi huo ndivyo vilivyonitoa miiba ya samaki kinywani.
Programu ilitafuta jani, ikatafuta ua, ikatafuta ukingo wa kitu,
ikazunguka ndani ya mistari ya ngozi, zunguka, zunguka,
mpaka kumbukumbu ikajaa.

Mashine za wilaya nne zimejikwaa kwenye gumba moja.

Sikukifuta. Niliongeza mstari:
ukikuta mkono, andika "mkono", songa mbele.
Nikatuma upya. Liwale ndiyo iliyokidaka.

Kumepambazuka, ramani imekaa.
Kitangari imeiva nyekundu, Mahuta inaanza.
Salfa iende Kitangari kwanza, tena leo.
Nimepiga simu ghalani, hawajafungua, nitapiga tena.

Na chini ya jedwali ipo safu
ambayo Ngoda anataka niitolee maelezo kwenye ripoti:
ubwiriunga, 11,302.
Safi, 28,697.
Mkono, 1.