Ringi ya Lori

Tumekutana Desemba, Moshi, uani kwa Lyatuu,
wanne kati ya arobaini na wawili wa mkondo B,
mtori mezani, miwani tatu za kusomea,
na vidonge vya presha vikipitishwa kama karanga.

Elieneza ndiye aliyeanza, kama zamani:
"Maharage, jamani." Nani asahau maharage!
Tulizima karabai kwanza ndipo tukala,
asiyeona hana kinyaa,
na Aminiel alisali sala ndefu juu ya sahani
ili wadudu, alisema, wapate muda wa kuhama.

Rweyongeza akacheka ameshika ubavu wake wa upasuaji.
Akatukumbusha tulivyokuwa manjuka,
tumepangwa mstari vifua wazi, alfajiri ya Julai,
Kibo imetoka nyeupe kama shuka la matroni,
na kiranja na mkanda wake nyuma yetu:
"Pulizeni! Pulizeni mpaka theluji iyeyuke!"
Tukapuliza hadi tukaona nyota.
Sasa akainua kidole juu ya paa la bati:
"Tazameni ilivyobaki. Tulipuliza kweli."
Tukacheka tena, lakini kicheko hiki
kilikuwa na chembe ya mchanga ndani yake.

Kisha mtu akaitaja ringi.

Ringi ya Bedford, imening'inia kwenye mgrivea
mbele ya bwalo, ikipigwa kwa nondo
saa kumi na moja, kila siku iendayo kwa Mungu,
sauti yake ikiingia chini ya blanketi
kama mkono uliotoka majini.
Usiku mmoja wa mwaka ule wa kukosa sabuni
ringi ilitoweka. Shule nzima ililala hadi saa mbili.
Usingizi ule! Nimelala hoteli za nyota ngapi,
sijaupata tena.

"Masalu," akasema Elieneza, "mwizi wa kengele,"
na wakagonga glasi.

Masalu Ng'wandu wa Malya, mzito wa kusema, mwepesi wa hesabu,
aliyetufundisha milinganyo kwa vijiti vya kiberiti.
Walimkuta na tope viatuni; alikuwa ametoka chooni.
Wakampa fimbo sita na waranti ya treni.
Tulimwona dirishani, tranka kichwani, akishuka kwenda stesheni,
wakati mwalimu wa jiografia akichora reli ubaoni:
Kahe, Korogwe, Ruvu, Dodoma, Tabora,
chaki ikamvunjikia kabla hajafika Malya.

Nikaweka kijiko chini.
"Niliiviringisha mimi. Hadi mto Rau.
Nilitaka kulala tu."

Kimya. Mtori ukafanya utando.
Elieneza alivua miwani akaifuta kwa tai,
akaifuta, ikawa safi, akaendelea kuifuta.
"Kitanda cha chini kilikuwa changu," akasema.
"Ulirudi suruali imelowa. Maji yalinidondokea usoni."
Aminiel akasema alisikia mlango.
Rweyongeza hakusema alichosikia.

Kumbe miaka thelathini na tisa
tumelala wanne ndani ya shuka moja,
kila mmoja akidhani kajifunika peke yake.

Ana namba, Rweyongeza: duka la pembejeo huko Malya,
mwenye duka anaitwa Ng'wandu, huenda ni yeye,
huenda ni mwanawe, huenda ni mtu baki.
Akaiweka simu katikati ya sahani, sauti juu.

Inaita.
Tumeketi wima, mikono magotini,
Aminiel amefunga kifungo cha shingoni.
Inaita.