Mpini wa Ufagio

Alikufa mwezi wa pili, Eino Kemppainen,
ardhi ikiwa imeganda futi nne kwenda chini,
na huku kwetu kaskazini mwa Michigan
hakuna sururu inayobishana na Februari.
Kwa hiyo anasubiri katika chumba cha mawe nyuma ya makaburi,
yeye, na ajuza mmoja wa kule mgodini,
na mvulana wa akina Rochon,
hadi Mei, udongo ulegee.
Angecheka. Miaka yote alituambia:
"Nati iliyoganda usiilazimishe.
Ipashe moto. Ingoje. Itakuja yenyewe."

Gereji yake ilikuwa na ubao,
jua likaula, theluji ikaumalizia,
ikabaki herufi moja na mshale ulioelekeza mtoni.
Wageni waliufuata mshale, wakapotea.
Sisi tulifuata harufu: oili chakavu,
kahawa iliyochemshwa mara tatu,
soksi za sufu zikikauka juu ya jiko la kuni.

Mashine za kusoma gari hakuwa nazo.
Alikuwa na mpini wa ufagio,
ncha moja kwenye injini, ncha nyingine
kwenye mfupa nyuma ya sikio,
macho amefumba, mdomo wazi kidogo,
kama mtu anayepokea habari za nyumbani.
"Si beringi. Ni pampu ya maji.
Una wiki tatu. Mbili, ukiwa na haraka."

Nimeendesha basi la shule, namba nne, miaka kumi na tisa.
Alfajiri moja, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
nilimkuta chini ya basi langu,
amelalia boksi la friji lililopasuliwa,
miguu tu nje: buti moja limefungwa kamba,
la pili limefungwa waya.
Nani amekuita, Eino?
"Hakuna. Jana ulipita dirishani kwangu.
Gia ya pili ililia."

Lakini msimfanye malaika, tafadhali.
Mume wangu alimtoza mara mbili kwa silensa ileile
na akakana mpaka mauti.
Mchungaji alimfukuza mwaka mzima
kwa kosa la kuchanganya oili.
Na chumvi wanayomwaga barabarani majira ya baridi
aliitukana kwa Kifini, taratibu, neno baada ya neno,
kama anayesali.

Marlys, bintiye, amelipata daftari la madeni
ndani ya rejeta mbovu.
Tarakimu ni chache.
*Delphine, breki. Amelipa: mikate miwili ya rai.*
*Yule wa posta, klachi. Amelipa: nusu paa, mguu umeliwa na mbwa.*
*Rochon, tairi nne za theluji, za kwenda hospitali. Usidai.*
*Basi namba nne,* kisha mstari mtupu.
Nimeutazama mstari huo muda mrefu.
Sijui kama ni deni au ni msamaha.

Tangu Machi gari langu lina kitu, upande wa kushoto,
si mlio hasa, ni kama mtu anayetaka kusema akaghairi.
Kijana wa gereji mpya mjini alichomeka waya,
kioo kikawaka kijani.
"Mama, hakuna tatizo."
Kimya kingi kina mshindo, na aliyeujua mshindo
uko upande gani ndiye huyo tunayemngojea udongo.

Jana usiku nilichukua ufagio wa jikoni,
nikaufungua kichwa, nikatoka na koti juu ya nguo ya kulalia.
Ncha moja kwenye chuma, ncha nyingine kwenye mfupa.
Nilifumba macho. Nikaacha mdomo wazi.
Kwanza nilisikia damu yangu mwenyewe,
kisha theluji ikiteleza kutoka paani.
Kisha, chini kabisa, kitu
kikigonga, kikigonga, bila haraka.

Nina wiki tatu, nadhani.
Barafu ya mtoni imeanza kupasuka.