Shingo Tu

Daktari wa Muhimbili amenichora kwa kalamu ya zambarau,
toka sikioni hadi begani.
"Na shavu pia, Mama Pazi? Ngozi ya paja inatosha."

Wifi alishasema: kazi ya Mungu haitiwi kiraka.
Jirani yangu Buguruni: anza na shavu, mwanamke uso.

Miaka kumi na moja tangu jiko la mchina linilipukie,
kidevu kimenata kifuani.
Nimechoka kuwajua watu kwa viatu.

Nifungue shingo, daktari.
Nataka kuanika shuka kamba ya juu,
nimwone fundi anayeniibia misumari ya bati.

Shavu liache.
Pazi, umeme ukikatika,
hulitafuta kwa kiganja
ndipo alale.

Akafuta wino shavuni kwa spiriti.
Baridi.