Fundo la Kifuani

Shangazi Tusekile hakuuliza habari za kasri.
Aliuliza, "Ulilala wapi? Walikulisha nini?"
Umeme umekatika Tandika tangu adhuhuri,
anajipepea kwa kifuniko cha ndoo,
nami natafuta Kiswahili cha sakafu ya Jeonju.

Nililala chini, shangazi. Chini kabisa,
juu ya godoro jembamba kama andazi lisiloumuka,
na moto ulipita chini ya sakafu kutoka jikoni
ukapanda taratibu
mpaka kiunoni.

"Moto chini ya kitanda!" akasema.
"Wetu wa bure, unashuka na bati."

Nilikula kabichi iliyolazwa mitungini
tangu baridi ya mwaka jana,
nyekundu, chachu, kali.
Machozi yalinitoka. Bibi Sun-ok akacheka,
akaniongeza.

Sikumwambia yote.
Sikumwambia kwamba lile vazi la pichani,
sketi pana kama mwavuli,
lilikuwa la kukodi, kwa saa moja na nusu,
nami nilitembea ndani yake
kama mtoto aliyevaa viatu vya mgeni.
Mimi, fundi cherehani wa miaka kumi na saba,
nilitafuta kifungo, nikatafuta zipu.
Hakuna. Utepe tu, kifuani. Nikaufunga
kama tunavyofunga mfuko wa vitumbua.

Bibi Sun-ok akanitazama, akafyonza.
Hatukuwa na neno hata moja la kuazimana.
Akafungua. Akafunga. Akafungua tena,
akavishika vidole vyangu, akavipitisha:
kitanzi hiki, mkia huu, usikaze,
mpaka fundo likalala upande, nusu ua.

Jioni hii, dukani kwa Mangi, nimenunua mshumaa.
Nimepokea chenji kwa mkono wa kulia,
wa kushoto ukishika kiwiko.
"Dada, mkono umeteguka?"
Wiki ya tatu sasa tangu nirudi. Mkono hausikii.

Nikamsimulia shangazi. Kifuniko kikatulia.
"Bibi yako kule Tukuyu alipokea hivyo hivyo,
kiwiko mkononi, magoti yamelegea.
Nyie mkauita ushamba."

Sikuwa na jibu.
Nikachana pindo la kanga kuukuu,
nikajaribu lile fundo kifuani pake.
Mkia wa kushoto ukatoka mrefu mno.
Shangazi akainama kwenye mwanga, akalitazama,
akafyonza,
akaanza kulifungua.