Daftari la Misumari

Siku ya arobaini na moja tulifungua duka,
ubawa mmoja tu wa mlango. Wa pili uligoma:
ulizoea kusukumwa kwa goti lake la kulia.
Ndani, harufu ile ile: grisi, katani, rangi ya mafuta,
na udi kidogo, kwani Baba alisema
hata msumari hupenda kupokewa vizuri.

Aboud Mselem, muuza misumari wa Langoni.
Kibao hakuweka. Watu wakielekezana
walisema: nenda kwa Wa Kupinda,
maana kila robo kilo aliyoipima,
mizani ikishatulia, alitia msumari mmoja juu:
"Na huu wa kupinda."
Fundi gani asiyepinda msumari?
Miaka thelathini na nane, mmoja mmoja.
Juzi Shekuwe alijaribu kuipiga hesabu
akaachia njiani. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

Adhuhuri, duka limejaa mafundi na punda wa simiti,
Mama alipiga kengele ya baiskeli darini
naye aliacha kopo la rangi wazi, akapanda.
Sinia moja, watoto watano,
na hakuna kuonja mpaka Barke arudi chuoni.
Mteja akiita, alijibiwa kutoka juu:
"Ngoja tule kwanda! Duka halina maguu."
Na yule mwenye haraka kuliko wote
akajikuta juu, amenawa, anachambua miiba ya changu.

Simtakasi. Alikuwa na hasira za kiberiti.
Alinichapa kwa futi ya mbao
siku nilipouza bawaba moja bila mwenziwe.
"Umemuuzia mtu nusu ya mlango!"
Jioni alinishika mkono ule ule alioupiga
tukaenda hadi Mkomani, bawaba ya pili mfukoni mwake,
inagonga funguo kila hatua.

Daftari tulilikuta chini ya kopo la skrubu.
Madeni, kurasa mia na kitu,
na jina hakuna hata moja. Picha.
Ndoo. Kikombe kisicho mkono. Jogoo wa mguu mmoja.
Mwezi mchanga: kilo nne, inchi tatu, paa la mamake.
Nyuma ya jalada, kwa penseli ya seremala:

    Deni lisiwe ni kamba, ya kumfunga jirani
    Akapita akiyumba, kwa haya vichochoroni
    Chuma hushikiza nyumba, watu washikwa na nini?

Mshororo wa nne hakuuandika.
Labda mteja aliingia.

Tukamwendea Mama, yumo edani, pazia limeshushwa,
yeye ambaye miaka yote, kutoka dirisha la juu,
alimjua kila mtu kwa kikohozi chake.
Tukamsomea. Huyu jogoo wa mguu mmoja, ni nani?
Kimya. Tasbihi ikasogea punje tatu.
"Sikumbuki," akasema,
kwa sauti ya mtu anayekumbuka hadi rangi ya kanzu.

Ukurasa wa kumi na mbili nimekuta paka.
Mwembamba, masikio makubwa, kama nilivyokuwa.
Shilingi mbili, ubuyu.
Nilizichopoa kwenye mtoto wa meza, nina miaka minane,
nikadhani hakuona.
Hakulifuta. Hakulidai.

Leo kaja kijana, katumwa na fundi:
robo kilo, inchi mbili, pesa Ijumaa.
Nimepima. Mizani ikatulia.
Nikatia mmoja juu, maneno yakanikwama,
akayasema yeye, bila kunitazama:
"Wa kupinda."

Nikashika penseli. Nikamwangalia masikio,
viatu, kovu la nyusini, sikupata la kuchora.
Kengele ikalia darini.
Nikamwambia apande kwanza, tule.