Kitufe cha H

Kilianza kukwama Jumanne: tone la mawese, chakula cha mchana.
Nikakikwangua kwa pini, kikang'oka.
Sasa pale pana chuchu ya mpira tu, haisemi.
Fundi Bihemo wa Mwanga kacheka: "Kibodi nzima, toka Dar, kwa treni.
Wiki mbili. Reli isipokatika."

Bi Ntagaye hana wiki mbili. Baraza la ardhi ni kesho.
Katembea toka Buzebazeba, risiti kwenye mfuko wa sukari.
Anasema, nachapa, nasoma kiooni:

*ati ya kiwanja ninayo.*

Ati!
Alisema *shemeji hanidai.* Kioo: *shemeji anidai.*
Herufi moja, na mjane kaingia deni.
*Nimezaliwa apa,* inasema barua,
kana kwamba inamlisha kiapo.

Nikafungua kadi ya harusi ya mwaka juzi, ya watu wa Gungu
(wameshaachana),
nikaiazima H ya harusi yao,
nikawa naibandika: hati, hapa, hanidai,
moja moja,
kama nashona vifungo kwenye shati la mtu
aliyesimama mlangoni anasubiri kulivaa.

Bi Ntagaye kavaa miwani, kainama,
kidole chini kabisa, kando ya jina lake.
"Hapa umeniandika Mua."
"Bado sijafika huko, mama."
"Basi fika.
Mua hutafunwa, makapi yakatemwa."